Mnunuzi wa Chachu Yetu

Casablanca, 9 Januari 2017

Makhluf, mdogo wangu, roho yangu,

Nakusalimu wewe na mkeo Alegria, na wale wajukuu mliowapa majina yasiyotamkika kwa mdomo wa binadamu. Sisi huku wazima. Rafiki yangu Perla Botbol amepasuliwa jicho la kushoto, sasa anaona vizuri kuliko mimi, na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba nimezeeka. Akakisema mbele ya watu. Sabato iliyopita wale wanaume kumi wa lazima kwa sala walitimia kwa mbinde. Wa kumi tulimtoa kitandani na mafua yake.

Usinipigie simu. Tangu matanga ya Mama tulivyokatiana simu kwa maneno yale, nimeamua na wewe nitasema kwa kalamu tu. Kalamu haipayuki.

Sasa jambo lenyewe. Jiko la nyuma ya sinagogi la Baba linapika siku nne kwa wiki. Tulipiga kura ya kulifungua mwaka juzi, baada ya sala: kumi na mmoja wakainua mikono, mmoja alikuwa amelala, tukamhesabu naye. Wanakula wazee wetu wasio na mtu, wanakula majirani Waislamu wa kichochoro hiki ambao mfuko umetoboka, na wanakula wageni waliotoka Gine na Kameruni na Kongo wakakwama katika mji huu. Mmoja wao ni Jenabu Sila wa Gine, mwenye binti wa miaka sita. Alikuja kujikinga mvua, akaniona ninavyokata vitunguu, akaninyang'anya kisu. Tangu siku hiyo jiko ni lake, mimi mtumwa.

Kibali chake cha kuishi nchini kinakwisha tarehe 30 Juni. Ili aongezewe lazima apeleke mkataba wa upangaji. Wenye nyumba wa hapa kodi yake wanaipokea kwa mikono miwili, lakini kumwandikia mkataba, ng'o! Asipoupata, siku moja watamkamata sokoni na mtoto mkononi. Sasa, nyuma ya jiko kuna ghala na kile chumba kidogo kilichoungana nalo. Nyumba imeandikwa majina mawili, langu na lako. Yangu saini ipo tayari. Nipe yako.

Dada yako,
Messodi

Montreal, 31 Januari 2017

Dada yangu mpendwa,

Nakubusu mkono. Theluji imefika dirishani, Alegria analalamikia goti, mjukuu wetu anajifunza kusoma Torati na sauti yake ni ya Baba mtupu, ungeisikia ungelia. Mpe pole Perla, mwambie asikuangalie sana.

Kuhusu ombi lako, hapana. Usinione nina roho mbaya. Baba alijenga nyumba ya sala, hakujenga gesti. Leo chumba kimoja, kesho ua mzima, keshokutwa watu wanaanika suruali pale tunapopitisha Torati siku ya sikukuu. Kuna watu wamenipigia kutoka huko, wananiambia mtoto anacheza mpira uani. Sisi tulichapwa kwa kukimbia tu katika ua ule! Mpikie chakula, mpe nguo, mpe kila kitu, lakini saini ya nyumba ni jambo kubwa.

Halafu, tafadhali, kwa sasa usipake rangi wala usinunue meza mpya. Acha kila kitu kilivyo.

Mdogo wako,
Makhluf

Casablanca, 21 Februari 2017

Makhluf,

Tumshukuru Mungu kwa sauti ya mjukuu. Huku tumepata msiba. Bwana Bushaib wa duka la kona amefariki. Miaka thelathini na mmoja ndiye aliyenunua chachu yetu kila mkesha wa Pasaka, unga wetu, tambi, kuskusi na kila kitu cha nafaka, ili siku nane zile tusikutwe tunamiliki hata punje. Sikukuu ikiisha anaturudishia, na sahani ya siagi na asali juu yake. Tulikwenda kwake jumuiya nzima na koni za sukari za rambirambi. Rabi Yamin Assulin alilia kama mtoto wa marehemu. Sasa ameniambia nimtafutie mnunuzi mwingine, eti mimi najua watu.

Umeniambia nisipake rangi. Wiki iliyopita kaja mtu na futi, anapima ua. Nikamuuliza, "Unatafuta nini?" "Napima tu, mama." Nikamwambia, "Kapime kwenu." Makhluf, sikuulizi kitu. Kama kuna neno, mwenye nalo ataliandika mwenyewe.

Na hilo la gesti nimelisoma mara mbili, nikaenda kabatini. Barua yako ya Oktoba 1974 ninayo hapa mkononi. Ulifika huko na sanduku moja na koti la kiangazi. Unaandika kwamba watu wa sinagogi wamekupa chumba juu ya jiko lao, kwamba unalala ukinusa supu, kwamba hujawahi kulala vizuri hivyo. Miezi saba ulikaa! Kuna aliyekuuliza suruali yako unaianika wapi?

Jenabu hajui kwamba umekataa. Nimemwambia posta inachelewa. Mimi sijawahi kumwongopea mtu aliyenishikia kisu changu, na naona aibu kweli. Nisaidie niache kusema uongo.

Messodi

Montreal, 13 Machi 2017

Dada mpendwa,

Nakubusu mkono. Nimesikitika sana kwa Bwana Bushaib. Alikuwa akinipa peremende moja mbele ya Baba na tatu Baba akigeuza mgongo.

Hilo la 1974 ni tofauti. Mimi nilikuwa na karatasi. Tena nilikuwa Myahudi miongoni mwa Wayahudi. Tusibishane.

Kuna watu watakuja kuiangalia nyumba Alhamisi tarehe 13 Aprili, katikati ya Pasaka, jiko likiwa limefungwa, ili wasikusumbue. Waachie mlango wazi na ghala liwe tupu. Nitakueleza mambo yakikaa sawa.

Naambatanisha karatasi yangu ya kila mwaka, yenye saini na shahidi: namruhusu Rabi Assulin auze chachu yangu yote popote ilipo, pamoja na fungu langu katika ghala la Baba, na amkodishie mnunuzi mahali ilipo. Nimeiandika mbiombio, nilikuwa na miadi ya daktari wa meno. Mtafuteni mtu yeyote mwaminifu asiye Myahudi. Nani, si hoja, ni karatasi tu. Lakini nisipoituma Baba atanitokea usingizini na mkanda wake.

Pasaka njema.
Makhluf

Casablanca, 20 Aprili 2017

Makhluf, mdogo wangu,

Pasaka imekwisha salama. Perla alikula karanga akavunja jino. Wanaume walikuwa kumi na wanne usiku wa kwanza, hatukuamini macho yetu. Kaa chini, mwambie Alegria akuletee chai.

Karatasi yako ilifika tarehe 3. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikacheka hadi Perla akaja mbio na maji. Nikavaa viatu, nikaenda kwa rabi.

"Mnunuzi nimempata."

"Nani?"

"Jenabu."

Akavua miwani. "Messodi, unajua karatasi hii inasema nini?"

"Naijua kuliko aliyetia saini."

Akairudisha miwani, akaisoma karatasi upya. Kisha akasema, "Akitaka kununua kwelikweli, mimi nitauza kwelikweli. Kuuza kwa namna nyingine sijafundishwa."

Basi Jumatatu ya mkesha tukakaa ghalani, rabi, Jenabu, Perla na mimi. Rabi akasoma kila mstari kwa sauti. Unamjua Jenabu? Hapana, humjui, ndiyo shida yako. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akamwuliza rabi usoni, "Mzee, huu ni mchezo wenu wa kila mwaka, au ni biashara?"

Rabi akasema, "Binti yangu, ukiwa mchezo, basi mimi na hawa wote tumevunja Pasaka. Magunia haya kumi na manne ni yako. Ghala na chumba chake umepanga, kwa muda wote mali yako itakapokuwamo. Hakuna kati yetu anayeweza kukuzuia usiingie. Sikukuu ikiisha nitakuja kukuomba uturudishie. Unaweza kukataa."

"Naweza kukataa?"

"Bwana Bushaib hakukataa hata mara moja," rabi akasema. "Lakini angeweza."

Jenabu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akatoa sarafu yake, akaishika leso ya rabi akaiinua juu kama inavyotakiwa, alama ya kwamba amenunua, nami nikamkabidhi funguo. Kisha tukaenda sote ofisi ya mtaa, foleni ndefu, Perla akijifanya anataka kuzimia ili tupite mbele, na saini zikagongewa mhuri. Rabi alikuwa hajawahi kuugongesha mhuri mkataba wa chachu maishani mwake. Ila aliniambia hakuna sheria inayokataza.

Alhamisi watu wako wakaja. Watatu, mmoja na tai. Mimi na Perla tulikuwa tumekaa uani, tunamenya viazi. Jenabu alisimama mlangoni pa ghala.

"Fungua, mama."

"Nyinyi ni nani?"

"Tumetumwa na mwenye nyumba. Tumeambiwa hapa patupu."

"Aliyewaambia yuko mbali. Mwenye ghala ni mimi." Akawapa karatasi, lakini hakuiachia. Yule wa tai akaisoma ikiwa mkononi mwake Jenabu, shingo imempinda. Akauona mhuri. Akaliona jina lako.

"Makhluf Azerual? Si ndiye aliyeahidi kutuuzia sisi nusu yake?"

Hapo ndipo nilipojua. Kwa mdomo wa mtu wa tai, katika ua wa Baba, na mimi nimeshika kiazi. Miezi mitatu unaniandikia habari za theluji na goti! Makhluf, nimeumia. Nimeumia kuliko siku ile ya simu.

Jenabu ndiye aliyejibu. "Kama kawauzieni nyinyi alichonipangisha mimi, kamuulizeni yeye. Mimi hapa sitoki. Na msikanyage unga wangu."

Wakaondoka. Mwenye tai alirudi peke yake baada ya dakika tano, nikadhani vita. Kumbe alisahau simu yake juu ya pipa.

Juzi usiku, sikukuu ilipotoka, rabi akaja kuomba kununua tena. Ua ulijaa, majirani wameleta maziwa na asali kama siku zote za Mimuna, sherehe yetu ya kuiaga Pasaka. Jenabu akamwambia, "Unga chukueni mpike, mle mshibe, nyote ni wageni wangu. Hilo la kuuza, nitakujibu baada ya tarehe 30 Juni." Rabi alicheka hadi akapaliwa. Nimekula mofleta, zile chapati za Mimuna, miaka sabini na miwili, na hii ni mara ya kwanza nakula nimekaribishwa katika jiko la baba yangu. Zilikuwa tamu.

Sasa andika wewe.

Messodi

Montreal, 9 Mei 2017

Dada,

Nimekasirika hata salamu zimenitoka. Alegria hajambo.

Yule mtu wa hoteli niliyekuwa namuuzia fungu langu amejitoa. Mwanasheria wake kamwambia nyumba yenye mpangaji mwenye mkataba ni jipu. Mwaka mzima wa mazungumzo, kwisha! Umenipiga kwa saini yangu mwenyewe. Ile ni karatasi ya desturi, Messodi! Kila mwaka tunaiandika, kila mwaka hakuna aliyeichukulia uzito, na wewe umeigeuza rungu. Na rabi naye, mzee mzima!

Unataka kujua kwa nini nilikuficha? Haya. Una miaka sabini na miwili. Wanaume wa sala ni kumi, na mmoja ana mafua. Siku moja nitaitwa nije nifunge mlango ule kwa mkono wangu, na wewe hutakuwapo. Silali nikifikiri siku hiyo. Nilitaka iwe imeshapita, mtu mwingine aufunge, mimi nisiwepo. Ndiyo hivyo. Ulitaka niseme, nimesema.

Mwambie rabi ayafute mauzo, uniandikie kwamba yamefutwa.

Makhluf

Casablanca, 24 Mei 2017

Mdogo wangu,

Sote wazima. Barua yako nimeisoma nikalia, kisha nikanawa uso, nikakasirika upya. Ungeyaandika hayo Januari tungelia pamoja.

Kufuta? Thubutu! Hebu sikiliza, wewe uliyefundishwa na Baba kama mimi. Unasema ni karatasi tu. Sawa. Basi haikuuza kitu. Basi magunia yale kumi na manne yalikuwa yako Pasaka nzima, siku nane, wewe unayefuta makombo kwenye rafu za jikoni kwa unyoya. Umevunja Pasaka mbele ya Mungu, na unga ule ni haramu kwa Myahudi yeyote, inabidi tuumwage wote, na walao hapa walale njaa. Andika hivyo kwa mkono wako, utie saini, na shahidi.

Au haikuwa karatasi tu. Basi Jenabu amenunua, Jenabu amepanga, na mimi sina la kufuta, wala rabi hana. Ukiutaka unga wako na ghala lako, muombe mwenyewe. Ana jina na ana anwani.

Chagua moja. Miaka thelathini na mmoja tulimwangalia Bwana Bushaib machoni tukimwambia "ni mali yako," na wewe unaniambia tulikuwa tunamdanganya?

Ofisi ya vibali wamesita. Karani anauliza, "Huyu mmiliki wa pili, wa Kanada, anajua? Mbona simwoni?" Wamempa Jenabu hadi mwisho wa mwezi ujao.

Messodi

Montreal, 14 Juni 2017

Dada mpendwa,

Nakubusu mkono. Goti la Alegria limepona, lilikuwa linataka jua tu.

Nilimwendea rabi wetu wa hapa na barua yako. Nilitaka aseme dada yangu kachanganyikiwa. Akaisoma, akaniuliza, "Pasaka hii ulilala usingizi, Makhluf?" Nikasema nililala. Akasema, "Ulilala kwa sababu gani, kama unga ulikuwa wako?" Nikatoka bila kofia yangu, nikarudi kuichukua, akawa bado anacheka.

Basi nimemwandikia Bi Jenabu Sila. Barua yake imo humu. Namwomba aniuzie tena fungu langu. Ili pasiwe na utata nimeandika wazi kwamba naitambua mali hiyo kuwa yake, na kwamba ghala na chumba kilichoungana nalo amevipanga kwa idhini yangu tangu tarehe 10 Aprili. Nimekwenda ubalozini wakaigonga mhuri. Nimeituma kwa njia ya haraka, wamesema itafika kabla ya tarehe 25. Msomee polepole.

Sina zaidi.

Makhluf

Casablanca, 5 Julai 2017

Makhluf, roho yangu,

Salamu zenu zimefika, na sisi tunazirudisha. Joto limetuangukia, Perla analala uani na bomba la maji miguuni.

Barua yako ilifika tarehe 23. Nimekaa nikiitazama ile mihuri. Mtu anayeomba kurudishiwa kitu chake, mdogo wangu, hakimbilii ubalozini kuthibitisha kwamba si chake. Sikuulizi ulikuwa unafikiri nini. Wewe ni mbishi, mimi ni mbishi, tumbo lilikuwa moja.

Tarehe 27 tulikwenda ofisini, Jenabu, binti yake na mimi. Karani akaweka mkataba wa rabi kulia na barua yako kushoto, akasoma moja, akasoma nyingine, akamwita mwenzake, mwenzake akasoma. Akasema, "Ajabu. Sijawahi kuona mwenye nyumba akimwandikia mpangaji kwa heshima hivi." Akagonga. Kibali cha mwaka mmoja. Tulipofika nje Jenabu akaketi kwenye ngazi palepale, katikati ya watu, akafunika uso kwa kanga. Mtoto alikuwa anamvuta, anataka sharubati. Mimi nilisimama mbele yao nikawazuia wapita njia kwa mkoba wangu, na aliyenung'unika alinijua.

Jioni nikamsomea barua yako jikoni, neno kwa neno, polepole kama ulivyoagiza. Alikuwa anakanda unga. Ulipomwita "Mheshimiwa Bi Jenabu Sila" aliacha kukanda. Pale unapoomba akuuzie tena alifikiri kidogo, kisha akaendelea kukanda, na haya ndiyo majibu yake kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mwandikie kwamba nimemshukuru. Mwambie siuzi. Akija Casablanca, atakula kwangu."

Dada yako,
Messodi